Toazi Lililozikwa Bustanini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kusikiliza toazi kwa macho. Wanaona jina lililogongwa kwenye hiyo sahani ya chuma ya mpiga ngoma, wanaona bei, basi masikio yanakubali kila kitu. Mimi simo. Nimefundisha jiografia hadi nikastaafu. Najua kulipima jambo kabla ya kulisema. Ndiyo maana nilipoliona toazi jipya la shemeji leo, nilijua ni baya hata kabla hajalipiga.

Nieleze. Bendi yetu ina kiti kimoja cha ngoma na wazee wawili wanaokitaka. Mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi bomba. Tumekuwa tukipokezana katikati ya nyimbo. Kiongozi wa bendi, ambaye mchana huuza miwani, amesema amechoka. Ukumbi mpya unafunguliwa Jumapili. Jumamosi atakuja kwangu kusikiliza, achague mmoja. Atakayeachwa atabeba spika.

Mgongo wangu hauwezi spika. Moyo wangu ndio kabisa.

Shemeji kanunua toazi la kampuni ya Orvano. Mimi nina Teskel. Kwa asiyejua tofauti: Orvano ni jembamba, limefuliwa kwa nyundo, sauti yake ni nzito na ya giza, kama mlango wa benki unaofungwa mbali. Teskel ni nene na linang'aa. Ukiligusa, ni trei ya vikombe imeangukia ngazini. Shemeji kasema langu linafaa kuwaita watoto wa shule wakale. Kasema mbele ya mke wangu, aliyekuwa kwenye cherehani yake. Mke wangu kacheka mpaka sindano ikakatika.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata dawa.

Wapiga ngoma mahiri huzika toazi. Si utani. Udongo hula mng'ao, chuma kinatulia, sauti inakuwa ya giza. Inasemekana huchukua miezi. Mimi nina siku chache, kwa hiyo nimeongeza siki na chumvi. Kama udongo peke yake unahitaji miezi, udongo na siki vinahitaji siku. Hesabu tu.

Nimelizika Teskel nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mama mkwe, wakati amelala mchana. Nikachomeka kijiti kuwa alama. Nikanawa mikono. Kazi safi.

Mke wangu kauliza siki yote imekwenda wapi. Nimemwambia imegeuka mvuke. Nikamweleza jinsi maji yanavyopanda angani, mawingu yanavyojikusanya, upepo unavyoyasukuma. Kaniambia, Mwalimu, basi mvua ikinyesha nitakinga kachumbari.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemtembelea shemeji. Kwa wema.

Nimemkuta sebuleni anapiga Orvano lake huku amefumba macho, miguu ndani ya viatu vya mpira vya kazini. Lazima nikiri, katika shajara hii tu: lilikuwa tamu. Lilinipanda mgongoni likashuka polepole. Nikaona spika zinaningoja.

Kwa hiyo nikamshauri, kama ndugu. Nikamwambia toazi la hadhi ile haliendi mbele ya watu bila kung'arishwa. Kaniuliza kama lina haja kweli. Nikamwambia, shemeji, hata bomba zuri ukilifunga kwenye ukuta mchafu nani ataliona? Maneno ya bomba humwingia haraka. Kachukua dawa ya kusugulia mifereji.

Kasugua. Kageuza, kasugua. Nilipoondoka mng'ao ulikuwa unaumiza macho, na sauti ya giza imeng'oka pamoja na uchafu. Sasa linalia kama Teskel.

Jioni kanipigia simu, sauti imemkauka. Kasugua mpaka jina Orvano limefutika. Anauliza: bila jina, bado ni zuri? Nimemwambia hilo ni swali gumu sana.

Nimelala kama mtoto.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mvua. Imekoma saa ya chai. Nimekwenda kulifukua toazi. Kijiti hakipo.

Yaani kipo, ila kipo kwingine. Mama mkwe kakiona kimesimama bila kazi, kakipeleka kushikilia mche wa nyanya. Nilimuuliza kakitoa wapi hasa. Kasema, mkwe wangu, kijiti ni kijiti. Nikamuuliza tena kwa upole, upande wa ukuta au wa kamba ya nguo. Kanitazama kama anayeniombea.

Nimetumia elimu yangu. Nimechora ramani ya bustani, yenye mwelekeo wa kaskazini na miinuko yote miwili. Ramani ni nzuri sana. Haionyeshi toazi liko wapi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Alfajiri nimeshika jembe. Nimechimba upande wa ukuta. Nimechimba upande wa kamba. Kila mche wa nyanya niliuweka pembeni kwa heshima. Mwisho jembe likagonga chuma: ngee!

Nimelipata. Nimelipata kwa ncha ya jembe. Lina ufa kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Rangi imependeza kweli, kijani na kahawia, kama kitu cha makumbusho. Ila ukilipiga linakohoa. Halilii, linakohoa.

Mama mkwe katoka nje kakuta nyanya zake zimelala mstari kama wagonjwa. Kamwita bintiye aje kuona alichoolewa nacho.

Lakini sijashindwa. Kiongozi ni mtu wa macho, huuza miwani. Tutamfunga macho: matoazi yapigwe nyuma ya pazia, mke wangu apige, sisi tusikilize. Kelele za barabarani zitaufunika ufa. Mke wangu kakubali kwa sharti kwamba nizirudishe nyanya ardhini. Nimemfundisha: la kaka yake alipige kwa nguvu, langu aliguse ukingoni tu, kwa huruma. Kasema kesho anapika, nisimcheleweshe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa chini. Viti vya nyumbani vinanicheka.

Wamekuja. Tukakaa sebuleni: Kiongozi katikati, shemeji kulia, mimi kushoto. Pazia la mlango wa chumbani likavutwa. Nikaeleza utaratibu. Nikaeleza pia historia ya shaba. Kiongozi kaniomba tuanze.

Sauti ya kwanza ilitoka. Kali, nyembamba. Shemeji kajikunyata, kalitambua la kwake, maskini, limesuguliwa roho.

Ya pili ikachelewa. Nikasikia mke wangu akitoka kwa mlango wa nyuma, akirudi. Kisha ikaja.

Sijapata kusikia sauti kama ile. Ya chini, pana, yenye vumbi la dhahabu ndani yake. Ikajaa sebuleni, ikazunguka taa, ikaondoka bila haraka. Kiongozi kafumba macho mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Kaomba ipigwe tena, kwa mwendo wa wimbo wetu wa kufungulia. Mke wangu akapiga wimbo mzima, haukuyumba hata kidogo.

Shemeji kanishika mkono. Kasema, shemeji, nimekubali, hiki ni chuma cha aina yake, umekifanyia nini? Nikaanza kuwaeleza kuhusu udongo. Nilikuwa nimefika kwenye siki ndipo harufu ya kuungua ilipoingia.

Pazia likaruka. Mke wangu kapita mbio katikati yetu kwenda jikoni, mwiko mkono mmoja, kifuniko cha sufuria kubwa mkono wa pili. Nyuma yake, kitandani, Teskel langu limelala kwenye mto.

Kumbe alilijaribu kwa kucha nyuma ya pazia, akasikia linavyokohoa. Kanionea huruma. Kasema, sasa ningekuacha uaibike mbele ya kaka yangu? Sufuria ikabaki wazi jikoni kwa ajili yangu, chakula kikaungua kwa ajili yangu.

Kiongozi kamfuata hadi jikoni. Kamuuliza mwendo ule kajifunzia wapi. Mke wangu kasema ni miaka ya kukanyaga cherehani, mguu ukiyumba mshono unapinda. Kamuuliza kama kesho ana nafasi. Kasema Jumapili hashoni.

Kiongozi akageuka kwetu sisi wawili tuliosimama mlangoni. Kasema, nyie, kila mtu spika yake, na msisukumane.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Spika ni nzito. Shemeji kabeba ya pembeni isiyo na mshikio, nami nikamwachia.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu kakaa kwenye kiti changu, kifuniko kimening'inizwa kwa kamba ya nguo. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Mama mkwe kacheza. Mpiga ngoma wa bendi nyingine kaja kuuliza toazi lile ni la kampuni gani. Mke wangu kamjibu, la jikoni. Jamaa kaondoka akilirudia hilo jina asilisahau.

Nimetafakari njia nzima. Kosa lilikuwa wapi?

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeligundua. Tulikuwa tunalinganisha kampuni za matoazi. Tulipaswa kulinganisha kampuni za vifuniko.

Nimekigeuza cha mke wangu: chini yake jina halisomeki. Cha hivi hivi tu. Ikiwa kifuniko kisicho na jina kimenipokonya kiti, chenye jina kitafanya nini? Asubuhi nimenunua kilicho ghali kuliko vyote dukani, jina limegongwa kwa herufi za dhahabu. Sijakipiga. Ukikitazama tu unajua.

Nimekizika bustanini, kwa siki mpya. Kijiti sikuweka, nimejifunza. Alama safari hii ni kuku wa jirani, ambaye hulala pale pale kila siku na hana tabia ya kuhamahama.

La kufanya leo: mpelekee kuku mahindi pale pale alipo.