Kamati ya Kukisubiri Kimbunga

Jumatatu asubuhi wananchi wa Mwembesongo, Morogoro, walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Land Rover, kwamba kimbunga kikubwa kinaikaribia pwani ya nchi yetu, na kwamba hakuna mwananchi anayeruhusiwa kuwa na wasiwasi kabla Kamati haijakaa.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Severin Laurenti, Katibu wa Kamati ya Utayari na Mapokezi ya Kimbunga. Nilisikia baadaye kwamba pale kwenye meza za nyanya watu waliulizana Morogoro na bahari wapi na wapi. Swali hilo lilitokana na uelewa mdogo. Waraka kutoka juu ulisema "maeneo ya pwani na jirani," na sisi ni jirani. Ukipanda basi asubuhi, mchana uko baharini. Kama wewe unaweza kuifikia bahari, hakuna sababu yoyote ya kisheria ya bahari kushindwa kukufikia wewe.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mheshimiwa Yunusi Rehani, mtu mnene mwenye sauti nyororo, ambaye ndio kwanza alikuwa amerudi kutoka semina ya nje kuhusu soko huria. Aliondoka na kaunda suti, akarudi na tai.

"Ndugu wajumbe," alisema kikao kilipofunguliwa, "zamani Serikali ilikuwa inaokoa watu. Mambo hayo yamepitwa na wakati. Siku hizi kazi yetu ni kuweka mazingira mazuri ili watu wajiokoe wenyewe."

Tukapiga makofi.

"Sasa najiuliza, mazingira mazuri yako wapi? Yako juu. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo Kamati itatangulia milimani, Mgeta, ikae kule tayari kuwapokea watu wa pwani watakapoanza kujiokoa."

Mjumbe mmoja aliuliza hao watu wa pwani watafikaje Mgeta. Mwenyekiti alimsifu kwa swali zuri, na swali likabaki zuri mpaka kikao kikafungwa.

Likaja suala la usafiri. Malori ya Serikali yalikwisha kuuzwa, na yale ambayo hayakuuzwa yalikuwa yamekaa juu ya mawe nyuma ya karakana, kuku wametagia kwenye viti. Hapo ndipo tuliposhukuru kwamba tuko katika enzi ya ubia na sekta binafsi. Katika ubia wetu Serikali ilileta mamlaka, na sekta binafsi ikaleta malori, dizeli, matairi na madereva. Wenye malori walijulishwa heshima hiyo na polisi pale stendi. Waliipokea kwa ukimya mkubwa.

Lori nililopanda mimi liliendeshwa na kijana mmoja wa mjini aitwaye Geofrey. Tulipopita Mzumbe na barabara ikaanza kupanda, akaniambia, "Bosi, mnajua hii gari ilikuwa na kazi wiki hii? Akina mama wa Mgeta walishaikodi. Kabichi zao zinakwenda Kariakoo."

"Zitasubiri," nikasema. "Hili ni suala la kitaifa."

"Mimi sina neno," alisema Geofrey. "Ila kabichi haielewi mambo ya kitaifa."

Nilimsamehe. Vijana wa siku hizi wamelelewa na ruksa.

Tulizikuta zile kabichi kandokando ya barabara, zimerundikwa kama vichuguu na kufunikwa majani ya migomba, na juu yake ukungu. Mlima mzima ulikuwa umevuna kwa wakati mmoja. Mbele ya vichuguu hivyo alisimama mama mmoja wa makamo, kanga moja kichwani na koti la kiume begani. Huyu alikuwa Josephina Kondo, mwenyekiti wa kitongoji, na zaidi ya nusu ya kabichi zile zilikuwa zake na za majirani zake.

"Shikamoo, mama," Geofrey alimwamkia kutoka dirishani, uso ameuinamisha.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali mmefika. Tuanze kupakia?"

Mheshimiwa Yunusi alishuka kwenye Land Rover akamweleza hali ilivyo. Alieleza vizuri sana. Alitaja upepo, bahari, utandawazi na wajibu wa kila mmoja wetu. Josephina alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameifungia ndani ya koti.

"Poleni na safari, Mheshimiwa," akasema. "Hao watu wa pwani wanakuja lini?"

"Wakati wowote."

"Basi malori yashuke leo na kabichi, kesho yarudi. Yakitoka huko huko pwani, yawabebe na hao watu wenu. Yanarudi matupu siku zote."

Niseme ukweli, lilikuwa wazo lenye mantiki, na ndiyo maana halikuweza kukubaliwa papo kwa papo. Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma.

"Mama, malori haya yako katika hali ya utayari. Lori likiondoka, haliko tayari tena, liko kazini. Tukiulizwa na wakubwa magari ya utayari yako wapi, tujibu yamebeba kabichi?"

"Mngejibu hivyo hivyo," alisema Josephina. "Si ndiyo kweli?"

Malori yakapangwa kwa mstari, pua zikiangalia bondeni, na kila dereva akaamriwa kukaa ndani ya gari lake, kwa sababu utayari wa gari bila dereva ni nusu utayari. Kamati ikafikia kwenye nyumba ya wageni yenye bati jekundu. Tulikuwa na kreti za soda, kuku wa kukaanga kutoka mjini, na bango lililoandikwa KARIBUNI MANUSURA.

Kwa siku kadhaa hakuja manusura hata mmoja. Tulifanya kazi nyingine. Tuliunda kamati ndogo ya vyoo na kamati ndogo ya nidhamu ya manusura, maana watu waliokimbia bahari wanaweza kufika wakiwa na tabia za baharini. Kila asubuhi Josephina alikuja, akasimama mlangoni, akaamkiana na wote, akauliza kama malori yanaweza kushuka. Kila asubuhi aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Halafu mvua ikaanza, na kabichi zikaanza kuwa za njano.

Asubuhi moja nilimkuta akichambua kichuguu chake pamoja na jirani zake. Zilizooza walizitupa korongoni moja moja. Hazikutoa kelele, zilidunda tu na kupotea kwenye ukungu. Nilisimama pale na mwavuli wangu kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikitafuta maneno ya Kamati, na yaliyopatikana ni haya:

"Mama, tunathamini sana mchango wako."

Josephina aliniangalia, akanirushia kabichi. Nikaidaka. "Hiyo bado nzuri," akasema. "Mtaihitaji."

Mvua ile haikuwa ya mchezo. Ilinyesha kana kwamba imelipwa posho. Siku ya pili yake, wakati Mwenyekiti akieleza kwa ramani jinsi maji yasivyopanda mlima, mlima wenyewe ulishuka. Kipande cha barabara chini yetu kilikatika, kikaenda bondeni na migomba yake. Geofrey aliingia amelowa chapachapa.

"Wakuu, hapa noma," alisema. "Barabara imekwenda."

"Imekwenda wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Chini, mzee."

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba kimbunga kimegeuka na kuishia zake katikati ya bahari. Pwani kulikuwa na jua na upepo mwanana. Watu walikuwa wameanika nguo.

Mheshimiwa Yunusi alizima redio. Akasema taarifa hiyo haijathibitishwa.

Kuku walikwisha, soda zikafuata. Nilipendekeza tununue chakula kijijini, lakini mjumbe wa fedha alikumbusha kwamba manunuzi yanahitaji zabuni tatu, na kijiji kile kilikuwa na duka moja, na duka lenyewe lilikuwa limebakiwa na viberiti. Tukaichemsha ile kabichi. Ilipokwisha, Mwenyekiti alimwita Josephina na kumwomba, kwa sauti yake nyororo, atuuzie nyingine.

"Siuzi kwa pesa," Josephina alijibu. "Pesa nitaipeleka wapi, barabara haipo? Kesho tuna msaragambo, kijiji kizima tunachimba njia. Atakayeshika jembe atakula na wenzake."

"Mama, sisi ni wajumbe."

"Najua, Mheshimiwa. Majembe yapo ya kutosha."

Mwenyekiti aliamua kutumia njia za kiofisi. Misheni walikuwa na redio ya upepo, akaenda kuiomba, akaita mjini. Mimi nilisimama pembeni nikasikia kila neno. "Kamati imezingirwa na maafa. Narudia, maafa. Hatuna chakula. Tunaomba msaada wa haraka."

Ujumbe huo ulifika mjini, ukatoka mjini ukafika makao makuu, na huko ulipokelewa kwa furaha isiyo ya kawaida. Sababu ni kwamba wafadhili walikwisha kuleta mablanketi, mahema na biskuti za waathirika wa kimbunga, na katika pwani nzima alikuwa hajapatikana mwathirika. Msaada ukishafika hauwezi kukosa wa kumsaidia. Usiku huo redio ilitangaza kwamba waathirika wamepatikana Mgeta, wote watu wazima, wengine wamevaa tai. Wananchi wa pwani waliombwa kuwachangia wenzao. Wakachanga.

Tulingoja huku tukichimba. Nasema tulichimba, kwa kuwa njaa haina cheo. Mheshimiwa Yunusi alipewa jembe fupi na nafasi katikati ya Geofrey na jirani mmoja wa Josephina. Kwanza alichimba kama anayefungua mradi, jembe moja halafu anatazama kama kuna mpiga picha. Mchana alikuwa akichimba kama watu wengine, na jioni aliomba kuongezewa kabichi.

Njia ilipofunguka kiasi cha lori kupita, lori la msaada lilikuwa linangoja upande wa pili. Alishuka dada mmoja wa shirika la misaada, jina lake Jesca, amevaa buti za mvua.

"Samahani wazee," alisema, "mwongozo unasema msaada hapewi mtu mpaka kiongozi wa kitongoji amtambue kuwa ni mwathirika wa kweli. Kuna watu wanajifanya."

Mwongozo huo ni mzuri. Niliuandika mimi.

Josephina alinawa matope, akaketi juu ya jiwe, nasi tukapanga foleni. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza, kwa itifaki.

"Jina lako, baba?"

"Mama Josephina, unanifahamu."

"Namfahamu Mheshimiwa. Mwathirika simfahamu."

"Yunusi Rehani."

"Una shamba?"

"Sina."

"Mifugo?"

"Sina."

"Kuna kazi yoyote unayoweza kuifanya?"

"Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Utayari na Mapokezi ya Kimbunga."

Josephina alimtazama, na nakiri sikuona kejeli usoni mwake. Aligeuka kwa Jesca, akasema taratibu, "Huyu hana kitu kabisa. Mpe."

Akapewa blanketi, pakiti ya biskuti, samaki wakavu na fulana ya mtumba iliyoandikwa maneno ya Kijerumani. Aliivaa palepale, maana shati lake halikuwa na sehemu kavu.

Nyuma yetu kijiji kilikuwa kinapakia. Hakuna aliyeomba kibali, na hakuna aliyekuwa na kibali cha kutoa. Zile kabichi zilizobakia, kama nusu ya mlima ule wa kwanza, zilipandishwa malorini, Geofrey akawasha gari, Josephina akapanda mbele. Alipopita alitoa mkono dirishani.

"Ugueni pole," alisema.

Mheshimiwa Yunusi aliuliza sisi tutashuka na gari gani. Jesca akafungua tena mwongozo. Waathirika waliotambuliwa, ulisema, wasiachwe eneo la maafa. Wahamishiwe mara moja penye mahema. Na mahema, alieleza, yalikuwa yamekwisha kusimikwa wiki nzima kwenye uwanja wa shule moja ya msingi huko pwani. Yalikuwa yanangoja watu.

Mwenyekiti alipinga. Alisema yeye ana nyumba mjini yenye geti. Jesca alimwambia kwa upole kwamba watu wengi hukataa mwanzoni; ni mshtuko.

Ndivyo Kamati nzima ilivyosafirishwa ndani ya lori la msaada, tukapita Morogoro mjini bila kusimama, tumejifunika mablanketi, na jioni tukafika baharini. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa mistari miwili. Waliimba. Kina mama wa mtaa walikuwa wametupikia uji, na wengi walitokwa na machozi walipotuona tukishuka.

Bibi mmoja, Bi. Nasra, ndiye aliyekabidhiwa kumhudumia Mheshimiwa Yunusi. Alimkalisha kwenye mkeka, akamfunika vizuri mabegani, akamshikisha bakuli kwa mikono miwili kama mtu anavyomshikisha mgonjwa.

"Kunywa, mwanangu. Pole. Tumesikia yaliyokupateni."

"Asante, bibi."

Alimngoja anywe kidogo. Ilionekana wazi kuna jambo linamkera na hakutaka kumuumiza mgeni. Mwishowe akamsogelea.

"Hebu nieleze, baba. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, na bahari haijawahi kunitoa nyumbani. Hivi huko kwenu milimani bahari huwa inafika mpaka wapi?"

Mheshimiwa Yunusi aliliangalia bakuli, akaiangalia bahari iliyokuwa imetulia nyuma ya choo cha shule, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kwamba hilo ni swali zuri.

"Sijui, bibi," alisema.

Bi. Nasra akatikisa kichwa kwa huruma, akamwongezea uji.