Springi Isiyo na Adabu

Jumatatu, 4 Machi
Shajara yangu, pokea salamu zangu za heshima, pamoja na radhi kwa kukuacha siku kumi na moja. Hasira ilinishika mkono. Bibi Mizani, karani mstaafu wa kupima mizigo, anataka kuninyang'anya darasa langu la alasiri la watu wazima. Tangu marehemu mke wangu aondoke, ni pale tu ninapoitwa Mwalimu. Wanafunzi kumi na mmoja! Sitoi hata mmoja. Kesho nitamziba mdomo kwa onyesho la uwiano wa moja kwa moja.

Jumanne, 5 Machi
Aibu! Nilitundika springi dirishani, nikaning'iniza jiwe moja. Urefu: sentimita kumi na mbili. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wa misheni: jiwe moja, kumi na mbili, mawe matano yaliyo sawa, sitini. Tukatundika matano. Ishirini! Bibi Mizani (nani alimkaribisha?) akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama Mwalimu aliipima springi ikiwa tupu. Ilikuwa kumi. Akasema basi uwiano uko kwenye nyongeza, sentimita mbili kwa kila jiwe, wala si kwenye urefu wote. Kwani springi haikuanzia sifuri. Fundi cherehani wa mstari wa mbele alicheka hadi akashika meza. Nilimshukuru Bibi kwa mchango wake. Moyoni nilimtukana. Mungu aniwie radhi.

Jumatano, 6 Machi
Nimetafakari na kulibaini kosa: springi ni kaidi. Baada ya chai niliifunga kwenye kitasa, nikaivuta kwa mguu hadi ikafika sitini barabara. Sasa itatii.

Alhamisi, 7 Machi
Haikutii. Sitini ikiwa na mawe, sitini bila mawe! Bibi Mizani akasema pole, kaka yangu, hiyo sasa ni waya. Fundi cherehani akaiomba akaanikie nguo. Wote kumi na mmoja wakamfuata Bibi sebuleni kwake. Nimefuta ubao peke yangu. Nimeufuta mara tatu, kwa nguvu.

Ijumaa, 8 Machi
Niliandika barua moja ya malalamiko, nikaibandika mlangoni pa darasa. Wawili wakarudi! Ni kweli, mmoja alifuata mwavuli wake, na mwingine alimsomea barua yangu kwa sauti, wakacheka. Lakini walirudi. Barua moja, watu wawili. Kwa hiyo barua kumi na mbili, watu ishirini na wanne! Viti ninavyo kumi na kimoja tu. Nimemwomba radhi seremala kwa usumbufu, nikamwagiza vingine kumi na vitatu. Wino wa barua ya kumi na mbili umekauka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, atazipeleka zote nyumba kwa nyumba kesho asubuhi, akianzia kwa Bibi Mizani, ambaye kwa barua moja, kwa hesabu yangu, atakuja mara mbili.