Bomba la Mvua Lililoona Nyota

Tegeni masikio, enyi watu wa Jinja na Mbale, mliokuwa mkinawa mikono mle chakula cha jioni, mwaka ule wa hamsini na sita, huku mbingu zikiwaka moto! Namsimulia Vallabh muuza misumari, simba wa juu ya mabati, aliyejiundia darubini kwa kioo cha kuagiza na bomba la mvua alilolibandua kwenye paa lake mwenyewe.

Mara mbili alitangaza nyota iliyolipuka katika galaksi ya mbali, na mara mbili ikawa unyuzi wa pamba uliopeperuka kutoka kiwandani ukanasa kwenye kioo. Jinja nzima ilimcheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo mkewe Dhanlaxmi, malkia wa masufuria, alipotoa amri: "Ikiwa pamba tena, Baba Sushma, bomba langu linarudi kwenye paa. Mvua zimekaribia, nami nimechoka kulala na ndoo!" Naye shujaa, maskini, akaapa.

Jioni moja akaiona ya tatu. Akafuta kioo, haikutoka. Akafuta tena huku jasho likimtiririka. Ikazidi kumkodolea macho, chini kidogo ya kiini cha galaksi. Akampigia simu Afande Ojok, askari magereza wa Mbale, mwenye darubini ya jeshi. Agano lao lilikuwa moja: anayepiga hutaja galaksi tu, upande hautaji, mwenzake asije akaona kwa kuambiwa.

Simu ikalia baada ya dakika ishirini.

"Bwana Vallabh!" ikanguruma sauti ya Mbale. "Mimi Ojok, mlinzi wa lango nisiyesinzia, nashuhudia: nyota iko! Juu ya kiini!"

Juu! Naye Vallabh aliiona chini; basi yake ni pamba tena. Akakata simu. Alilipenda bomba lile, jamani, na machozi yalimlengalenga alipoanza kulegeza skrubu.

"Hebu ngoja," akasema Dhanlaxmi. "Si wewe uliyenionyesha mwezi humo, ukasema chombo chako hugeuza kila kitu juu chini? Na cha afande je?"

Lo! Cha jeshi hakigeuzi. Askari gani atamlenga adui anayetembea kwa kichwa? Vallabh akairukia simu.

"Afande! Juu yako ndiyo chini yangu!"

"Basi tumeikamata, bwana!"

Telegramu ikaenda kwa wataalamu wa nyota Nairobi, na jibu likarudi: nyota ni ya kweli, ila wanane wamewatangulia kuiona. Wa tisa, jamani, duniani kote! Mvua ilipokuja ikapenya chumbani, na Dhanlaxmi, mshindi wa vita, akasogeza kitanda bila kunung'unika. Na iandikwe katika tarehe za Busoga, nchi ya Jinja, na Bugisu, nchi ya Mbale, kwamba bomba halikurudi kwenye paa.