Mzio wa Mpira na Kiti cha Kuzunguka

Jumatatu, 3 Machi
Dunia imepinduka! Shemeji, mdogo wake mke wangu, tuliyesugua naye vyoo vya kliniki ya meno bega kwa bega, amehamishiwa mapokezi. Kisa? Glavu za mpira zinamtoa vipele. Ana mzio, eti. Sasa anakalia kiti cha kuzunguka. Nimempita na ndoo yangu na chafya zangu za mafua, kazunguka mara mbili, makusudi. Nyumbani mke wangu kasema mdogo wake ana nyota. Mimi je, nina kivuli? Kama mzio ndio ngazi, nami nitaipanda.

Jumanne, 4 Machi
Nimejipaka upupu mikononi. Kidogo tu. Kumbe upupu hauna kidogo! Nimejikuna hadi kwenye fremu ya mlango. Nesi kauliza kama midomo huvimba, kama kifua hubana. Nikajibu vyote, na nywele pia. Kauona unyoya wa upupu kwenye kola yangu. Kautazama, kanitazama. Kanipa glavu za buluu zisizo na mpira. Kanirudisha chooni.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaza sana. Mwongo humjua mwongo mwenzake. Kama mimi nimedanganya, na shemeji kadanganya. Lazima aumbuke! Ijumaa daktari anatimiza miaka hamsini. Nimejitolea kupamba mapokezi. Kanishukuru kwa moyo wangu mwema. Sikumwambia ni mapambo gani. Maputo! Ni mpira uleule. Shemeji akikaa katikati yake bila hata chafya, kwisha habari yake.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kitandani.
Asubuhi nimepuliza maputo thelathini, kwa mdomo. Kwenye la ishirini midomo ikaanza kuniwasha. Nikasema ni uchovu. Shemeji akafika, akayaona, akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Nikamwambia aache maigizo. Yaani nilitaka kusema “maigizo”. Kilichotoka ni “majijo”. Ulimi umejaa mdomoni kama soksi iliyolowa. Kifua kikabana. Nikaenda chini, maputo yakinidundia kichwani.
Shemeji akafunika pua kwa mtandio, akaingia mbio, akanikokota miguu hadi nje, akimpigia nesi kelele.
“Pumua, shemeji! Dada yangu hajataka ujane!”
Nesi akanidunga sindano ya paja. Pumzi ikarudi taratibu, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Nililia. Shemeji naye alilia, mikono imemtapakaa vipele. Vya kweli.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kaja kuniona. Mzio ninao, tena mkali kuliko wa shemeji! Zile chafya zangu za kila siku kazini hazikuwa mafua, zilikuwa unga wa glavu. Kaniambia nikae mbali na glavu za mpira, maputo, hata lastiki. Glavu zote za kliniki zitabadilishwa. Nesi kauliza upupu niliutoa wapi. Nikajifanya nimelala.
Nimemshukuru shemeji kwa moyo mmoja. Kisha nikamuuliza daktari kiti changu kitakaa upande gani wa meza. Kashangaa. Kiti gani? Nitafagia uwanja. Huko hakuna mpira.
Uwanja una vumbi. Vumbi! Kuna watu halipatani nao kabisa.
Nimeshaanza mazoezi ya kukohoa. Mke wangu kauliza kutoka jikoni mbuzi kaingiaje chumbani.