Mlango wa Kimbunga Umenitia Hasarani

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Milango na Madirisha ya Kuzuia Vimbunga.

Ndugu Fundi Mkuu,

KUHUSU: BEI YAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa kwenye kile kiti chako cha kuzunguka ambacho nina hakika mguu wake mmoja nimeununua mimi. Mimi ni yule mshonaji wa nyumba ya kona, madirisha sita na milango miwili. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa roho inaniuma.

1. Uliponitajia bei nilidhani unanisomea namba ya simu. Nikaanza kuiandika. Ukasema kioo chenyewe hakivunjiki, ukachukua ubao ukakipiga mbele yangu, na kweli hakikuvunjika. Ubao ndio uliovunjika, na nikaukuta kwenye ankara yangu.

2. Sasa mlango una thamani kuliko vyote vilivyomo ndani. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kinachostahili kulindwa nao: kochi lililoegemezwa tofali, televisheni isiyosema mpaka ipigwe kofi, na mimi mwenyewe. Mwizi mwenye akili atang'oa mlango aondoke nao. Imenibidi ninunue zulia ili mlango usione haya.

3. Nyumba imekuwa kimya. Majirani zangu walikuwa wakigombana kila jioni, na ugomvi wao nilikuwa naufuatilia tangu mwaka jana. Siku mlipofunga vile vioo vinene, mume ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuomba msamaha. Mpaka leo sijui kama alisamehewa, na kwenda kuuliza naona aibu.

4. Kimbunga kilipokuja, nilivuta kiti nikakaa mbele ya dirisha kuangalia fedha zangu zikifanya kazi. Hakikutokea kitu. Halikuingia hata tone. Fedha zote zile, Ndugu Fundi, ili kusitokee kitu! Sasa wateja wanakuja kupimwa nguo huku wakisimulia bati la nani limetua kwa nani, nami nimebaki na tepu shingoni, sina la kuchangia.

5. Hili ndilo kubwa. Dada yangu mkubwa hakuwa amekanyaga kwangu kwa miaka tisa, tangu tulipogombana siku chache baada ya kumzika mama, kuhusu nani achukue cherehani yake. Niliichukua mimi. Siku ya kimbunga, madirisha yake yalipong'oka, alikuja na mto wake na birika lake, akagonga. Sikumsikia, kwa sababu ya mlango wako. Akagonga kwa jiwe. Mlango haukupata hata mkwaruzo. Nilipotupa jicho dirishani ndipo nikamwona kwenye mvua, mdomo unakwenda, sauti haiji. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona dada akisema nisimsikie. Nilimwangalia kidogo kabla ya kufungua.

Alikaa siku tano. Alichukua kitanda changu. Alisema chai yangu ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Akafumua gauni la mteja akidai nimeshona makwapa ya gunia, akalishona upya, na likawa zuri zaidi, jambo lililoniudhi sana. Tulicheka mara mbili, lakini hilo si hoja.

Kwa hiyo nadai upunguze bei kwa nusu, ukianza na mtaa wa dada yangu, ili kila mtu apate madirisha yake na akae kwake. Usipofanya hivyo nitayafikisha malalamiko haya mbele zaidi, ingawa bado sijajua mbele ni wapi.

Wasalimie mkeo, watoto na mafundi wote, hasa yule aliyepima dirisha la jikoni mara nne na bado akalikosea.

Mteja wako mwenye uchungu,
Mama Sindano

Tanbihi: Dada amerudi kwake juzi. Jumatatu atakuja hapo karakana kuuliza bei; mtamjua kwa sauti. Tafadhali sana, mtajie mara tatu ya niliyolipa mimi. Akikubali, mwambie vioo vimekwisha. Faida utakayoikosa nitakulipa mwenyewe, kidogo kidogo. Miaka tisa ilikuwa mingi, Fundi. Redio imetangaza upepo mwingine Alhamisi, na mimi shuka nimeshafua.