Herufi Zenye Miguu

Zefania alishuka kwenye treni Itigi na kompyuta, printa ndogo na viatu vinavyong'aa kuliko vya mchungaji. Hata hajatoka stesheni, akaona fursa. Kwenye kibanda cha Editha, muuza asali, mteja aligeuzageuza chupa, akasoma lebo, akairudisha mezani na kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikupe asali?"

"Asali yako haina shida. Shida ni herufi. Ona zilivyo nyembamba, hazina miguu. Maandishi yasiyo na miguu, nani atayaamini?"

Akafungua kompyuta. Jina la Editha likatokea kwa herufi za kizamani, zile za vitabu vya ibada: mistari minene inayokonda taratibu, na kila herufi imesimama juu ya vijiguu vyake. Editha alijiona ghafla mtu mwenye ukoo. Naye alihitaji kuaminiwa kuliko wengi, maana asali yake nyingi ilikuwa sukari iliyochemshwa, jambo ambalo Zefania hakulijua.

"Fonti hii ni mali yangu," alisema Zefania, ingawa ilikuja bure na kompyuta. "Nikikuuzia, ni yako peke yako Itigi nzima."

Editha akatoa mbuzi. Jioni ileile Zefania akamuuzia fonti hiyo Antipasi, mwenye bucha, iwe yake peke yake Itigi nzima. Antipasi akalipa, na yule mbuzi pia akamnunua.

Kesho yake Editha akapita buchani, akaliona bango jipya, miguu na yote. Roho ilimuuma. Akanunua utumbo, akarudi kibandani, kisha akamwita Zefania.

"Mwanangu, nina ndoo za asali ya nyuki wadogo, ile ya dawa. Nichapie lebo."

Asali hiyo ni ghali mno. Zefania akachapa ASALI HALISI YA NYUKI WADOGO, akabandika, akarudi nyuma kidogo kutazama. Ndoo zilikuwa na heshima ya kutosha kukaa mezani kwa askofu.

"Sijui nitamuuzia nani," Editha akalalamika. "Watu wa hapa hawaiwezi bei yake. Labda Dodoma, na mimi miguu inauma."

"Nizichukue mimi, mama. Nikuachie kompyuta na printa. Kazi hii nimeichoka."

Editha akakataa kwa adabu, akakataa tena, kisha akakubali kwa sura ya mtu aliyeonewa. Zefania hakuonja. Mtu anayeishi kwa kuwaaminisha wengine kwa herufi haoni haja ya kuchovya kidole.

Dodoma, mnunuzi alichovya chake, akalamba, akamtazama kwa huruma.

"Kaka, hii ni sukari."

"Haiwezekani. Soma lebo."

"Nimesoma. Nani kaiandika?"

Zefania akainama kuitazama ile lebo, herufi zimesimama wima, zimetulia, hazina wasiwasi na mtu. Kusema kweli, hata wakati huo alitamani kuziamini.