Ndoo ya Wachekeshaji Chini ya Bomba Langu

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

Nakuandikia kuomba kipindi cha vichekesho cha Ijumaa kipigwe marufuku kusema kweli, kwa kuwa kazi hiyo imetengewa chumba chetu cha habari, nami nina shahada yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliripoti, kwa suti na sauti nzito, kwamba mheshimiwa amezindua bomba la maji. Alikata utepe, akafungua koki, koki ikakoroma, tukapiga makofi. Nikahitimisha: "Maji yenyewe yanatarajiwa." Wachekeshaji wakairusha taarifa yangu nzima bila kuongeza hata neno. Ukumbi ukavunjika mbavu.

2. Kisha wakaenda pale bombani, wakaweka ndoo chini ya koki, na kila baada ya matangazo wakatuonyesha ndoo. Tupu. Huo si uchekeshaji, ni ufuatiliaji wa habari, tena bila kibali cha mhariri!

3. Watazamaji sasa wanacheka saa ya habari; vichekesho vikianza wanatulia tuli, na watoto wananyamazishwa. Shemeji yangu, fundi cherehani, ameniuliza mbele ya wateja wake: "Shemeji, nyie wa suti mnaigiza siku zipi?" Niko kwenye majaribio ya kazi, Ndugu Mkurugenzi. Nikichekwa hivi, nani ataniajiri?

Napendekeza kila mzaha upitie kwangu kwanza, niuondolee ukweli. Aidha, taarifa ya habari iwekewe kicheko cha kurekodi, ili mwananchi akicheka ajue ameruhusiwa. Niko tayari kuiongoza idara hiyo ya vicheko.

Nifikishie salamu kwa wahariri wote, mafundi mitambo na dada wa mapokezi.

Wako katika kulinda heshima ya suti,

Mwandishi wa Habari (wa majaribio)

N.B. Jana koki ilitoa maji. Watu wa idara ya maji walikuja mbio wakiomba ndoo ile iondolewe kabla ya Ijumaa. Shangazi yangu, anayeishi jirani na bomba, alijaza madumu yote, kisha akaninong'oneza kuwa zahanati ya mtaa nayo ilizinduliwa bila dawa. Nikatoa kalamu. "Irudishe mfukoni, mwanangu," akasema. "Hii ni ya kweli, wapelekee wale."

Nimewapelekea. Barua hii naomba uichane. Ukitaka kunifukuza, utanikuta na wachekeshaji mlangoni pa zahanati. Suti wameniambia nisiivue, maana ndiyo inayochekesha. Shemeji akiuliza tena tunaigiza siku zipi: ni Jumatatu, saa nne asubuhi.